Umri wa Jitu la Cerne Abbas: Je, Lisiloandikwa Halikuwepo?

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hukutana na swali la asili na chimbuko la Kiswahili, na kila mwaka mjadala huwa mkali. Baadhi hushikilia ushahidi wa maandishi, wengine ushahidi wa isimu, na wengine hutetea tu jibu ambalo wangependa liwe la kweli. Katika makala hii tumeonelea tuliweke swali hilo kando kwa muda na kutazama mjadala mwingine wa asili, uliotokea mbali nasi na ambao hakuna miongoni mwetu mwenye maslahi ndani yake. Ni mjadala kuhusu umri wa mchoro mkubwa wa mtu uliochongwa katika kilima cha chaki huko Dorset, kusini magharibi mwa Uingereza. Mchoro huo hujulikana kama Jitu la Cerne Abbas, kutokana na jina la kijiji kilicho chini ya kilima hicho.

Mjadala huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 250. Uliwagawa wasomi katika kambi mbili kubwa, na jibu la kimaabara lilipopatikana mwaka 2021, lilikuta kambi zote mbili zimekosea. Tunaamini kwamba namna walivyokosea ina funzo kwa yeyote anayetafiti historia ya lugha, fasihi au utamaduni.

Jitu lenyewe

Kwa mwalimu, neno chaki huleta picha ya kile kijiti cheupe cha ubaoni. Hapa tunamaanisha mwamba: jiwe laini jeupe, jamii ya mawe ya chokaa, lililoenea chini ya nyasi katika vilima vingi vya kusini mwa Uingereza. Mtu akibandua nyasi na udongo wa juu, weupe hujitokeza na kuonekana kutoka mbali sana. Kwa njia hiyo watu wa sehemu hizo wamechora farasi, watu na alama nyingine juu ya vilima vyao.

Jitu la Cerne Abbas lina urefu wa mita 55 hivi kutoka kichwani hadi miguuni. (Kwa kuwa tunazungumzia mchoro na si kiumbe hai, tutatumia upatanisho wa li- tunapolitaja.) Mkono wa kulia umeinua rungu lenye vifundo, urefu wake karibu mita 37. Mkono wa kushoto umenyooshwa pembeni, mtupu. Jitu liko uchi, na maumbile yake ya kiume yamechorwa waziwazi, jambo lililowafanya baadhi ya wachapishaji wa zamani kuyaacha walipolichora vitabuni. Wenyeji nao walikuwa na imani zao, mojawapo ikiwa kwamba jitu huwasaidia wanandoa wanaotafuta mtoto.

Jambo muhimu kwa mjadala wetu ni kwamba mchoro wa aina hii haudumu wenyewe. Ukiachwa, nyasi huufunika. Ili uendelee kuonekana, lazima kila kizazi kiende kilimani na majembe, king'oe nyasi na kushindilia chaki mpya katika mifereji. Shirika la National Trust, linalotunza ardhi na majengo ya kihistoria, lilikabidhiwa jitu hili mwaka 1920, na watu wa kujitolea wamekuwa wakilitia chaki mara kwa mara, kwa mfano mwaka 2008 na mwaka 2019. Kila usafi wa namna hiyo unaweza kubadilisha sura. Mchoro uliochapishwa mwaka 1764 katika jarida la Gentleman's Magazine unaonyesha jitu likiwa na kitovu. Leo kitovu hicho hakipo, na wataalamu wanadhani kilimezwa na mstari wa jirani wakati wa usafi fulani.

Hoja za kambi mbili

Kambi ya kwanza ilisema jitu ni la kale sana. Mwaka 1764 mwanazuoni William Stukeley alilihusisha na Hercules, yule shujaa wa hadithi za Wagiriki na Warumi ambaye huchorwa akiwa uchi, rungu mkononi na ngozi ya simba ikining'inia kwenye mkono wa pili. Katika karne ya 20 mwanaakiolojia Stuart Piggott aliiendeleza hoja hiyo, akiliweka jitu katika enzi ya Warumi. Mfalme wa Roma Commodus, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 2, alipenda kujionyesha kama Hercules, kwa hiyo palikuwa na sababu ya kudhani kwamba waabudu wa Hercules walikuwepo hata Uingereza wakati huo. Baadaye vipimo vya umeme vilivyofanywa ardhini viliashiria kwamba huenda kweli palikuwa na kitu kikining'inia kwenye mkono wa kushoto, mithili ya ngozi. Wengine walirudi nyuma zaidi ya Warumi na kuliita mungu wa rutuba wa makabila ya Wakelti.

Kambi ya pili ilisema jitu ni la juzi tu. Silaha yao kuu ilikuwa ukimya wa nyaraka. Rekodi ya kwanza kabisa inayolitaja jitu ni daftari la hesabu la wazee wa kanisa la kijiji hicho, la mwaka 1694, linaloonyesha malipo ya shilingi 3 kwa kulitengeneza. Kabla ya hapo, kimya. Na si kwamba hapakuwa na watu wa kuandika. Chini ya kilima palikuwa na monasteri iliyoanzishwa mwaka 987 na kufungwa mwaka 1539. Mwaka 1617 mpima ardhi John Norden aliandika taarifa ya kina ya ardhi ya Cerne, na hakulitaja jitu hata kwa neno moja. Iweje mpima ardhi apite chini ya mtu wa mita 55 asimwone?

Hoja hii ilipata nguvu zaidi kwa sababu ilikuwa na mshukiwa. John Hutchins, aliyeandika historia ya Dorset iliyotoka mwaka 1774, alipokea habari kwamba jitu lilichongwa zamani za Denzil Holles, bwana mwenye ardhi hiyo katikati ya karne ya 17. Holles alikuwa mbunge, mmoja wa wale watano ambao Mfalme Charles I alijaribu kuwakamata bungeni Januari 1642. Baadaye alitofautiana vikali na Oliver Cromwell. Kwa kuwa Cromwell alifananishwa na Hercules, ilidhaniwa kwamba Holles aliamuru jitu lichongwe kilimani ili kumdhihaki: huyo hapo Hercules wenu, uchi, na rungu lake. Kwa wengi maelezo hayo yalitosha, maana yalijibu maswali matatu kwa pamoja: nani, lini na kwa nini.

Baraza la mwaka 1996

Mwezi Machi 1996 mabishano haya yaliletwa kijijini kwenyewe. Katika ukumbi wa Cerne Abbas iliandaliwa mahakama ya kuigiza, na jitu ndilo lililokuwa mshtakiwa. Profesa Timothy Darvill alitetea ukale wake. Profesa Ronald Hutton alitetea karne ya 17 kwa kutumia ushahidi wa nyaraka. Mtaalamu wa anthropolojia Barbara Bender alileta hoja ya tatu: kwamba tarehe ya kuzaliwa kwa jitu si jambo kubwa kuliko maisha yake, yaani namna ambavyo watu wa kila zama wamelitunza, wakalicheka, wakaliogopa na kulipa maana mpya. Mwishoni wasikilizaji walipiga kura, na kundi lililoamini kwamba jitu ni la kale ndilo lililopata kura nyingi zaidi.

Tunalitaja tukio hili kwa heshima, kwa sababu ni nadra wasomi kwenda kubishana mbele ya wenye kijiji. Hata hivyo, kura huonyesha kile ambacho watu wanapenda kuamini. Umri wa mfereji wa chaki hupimwa kwa njia nyingine.

Ushahidi wa udongo

Njia hiyo nyingine ilitumika kwa jitu mwaka 2020, miaka 100 tangu National Trust ikabidhiwe kilima. Mwanaakiolojia wa shirika hilo, Martin Papworth, na wenzake walichimba mashimo madogo kwenye viwiko na miguu ya jitu. Waligundua kwamba chaki ilikuwa imeshindiliwa tabaka juu ya tabaka hadi kina cha karibu mita moja, ishara ya kazi ya vizazi vingi. Kutoka tabaka la chini kabisa walichukua sampuli za udongo na kumpelekea mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Gloucestershire, Phillip Toms.

Mbinu iliyotumika yafaa ielezwe. Chembe za mchanga zikifukiwa gizani huanza kukusanya nishati kidogo kidogo kutokana na mionzi ya asili iliyomo ardhini. Zikipigwa na jua, nishati hiyo hutoka yote na hesabu huanza upya. Kwa hiyo mtaalamu huchukua sampuli bila kuruhusu mwanga uifikie, huipeleka maabara, kisha huimulika kwa mwanga maalumu na kupima mng'ao unaotoka. Mng'ao ukiwa mkubwa, chembe zimekaa gizani muda mrefu. Ukiwa mdogo, zilifukiwa hivi karibuni. Kinachopimwa ni siku ya mwisho ambayo chembe hizo ziliona jua.

Majibu yalitangazwa Mei 2021. Tabaka la chini lilikuwa la kati ya mwaka 700 na mwaka 1100 B.K. Si Wakelti, si Warumi, wala si Holles. Jitu lilichongwa mwishoni mwa enzi ya Waanglo-Saxon, karne ambazo takriban hakuna aliyekuwa akizitetea. Papworth mwenyewe alikiri kwamba kila mtu alikuwa amekosea. Ushahidi wa pili uliokwenda sambamba na huo ulitoka kwa konokono wadogo mno, ambao magamba yao hubaki udongoni kwa karne nyingi. Mtaalamu Mike Allen alikuta miongoni mwao aina zilizoingia Uingereza katika Enzi za Kati, na hivyo dhana ya kwamba jitu ni la kabla ya Warumi ikakosa mahali pa kusimama.

Na ule ukimya wa nyaraka? Wachimbaji wamependekeza kwamba baada ya kuchongwa, jitu liliachwa kwa muda mrefu na nyasi zikalifunika, kisha baadaye likafukuliwa tena. Kama ndivyo, John Norden hakufanya uzembe mwaka 1617. Alipita chini ya kilima cha majani matupu akaandika alichokiona.

Farasi wa Uffington na Mtu Mrefu wa Wilmington

Msomaji asidhani kwamba vipimo vya udongo siku zote huthibitisha ukale au siku zote huukanusha. Tutazame michoro mingine miwili ya nchi hiyo hiyo.

Farasi Mweupe wa Uffington, katika mkoa wa Oxfordshire, ana urefu wa mita 110 hivi. Maandishi ya kwanza yanayotaja kilima cha farasi mweupe ni ya karne ya 11. Kwa muda mrefu watu wengi waliamini kwamba alichongwa ili kuadhimisha ushindi wa Alfred dhidi ya Wadenmaki mwaka 871. Uchimbaji ulioanza mwaka 1990, ukiongozwa na David Miles na Simon Palmer, ulitumia mbinu ile ile ya mng'ao, na majibu yakamweka farasi kati ya mwaka 1400 na mwaka 550 K.K. hivi. Yaani alikuwa amekwisha kuwepo kilimani kwa zaidi ya miaka 1500 kabla ya mtu yeyote kuacha maandishi yanayomtaja, na katika muda wote huo kila kizazi kilimpalilia. Kizazi kimoja kingelegea, tusingekuwa na farasi wa kujadili.

Mtu Mrefu wa Wilmington, katika Sussex Mashariki, amesimama akishika fimbo mbili, urefu wake ukikaribia mita 70. Mchoro wake wa kwanza unaojulikana ulichorwa na mpima ardhi John Rowley mwaka 1710. Yeye pia aliitwa wa kale, wa Kirumi, wa Kisaxon. Mwaka 2003 Profesa Martin Bell wa Chuo Kikuu cha Reading alichunguza vipande vya chaki vilivyoporomoka chini ya kilima, na akahitimisha kwamba kazi hiyo ilifanyika katika karne ya 16 au ya 17.

Tukiiweka michoro hii mitatu pamoja tunapata jambo la kutafakari. Kwa farasi, maandishi yalichelewa zaidi ya miaka 1500. Kwa jitu, yalichelewa kati ya miaka 600 na 1000 hivi. Kwa Mtu Mrefu, yalichelewa pengine miaka 100 au 200 tu. Hakuna kanuni ya kutuambia kwamba maandishi ya kwanza hufuata kitu baada ya muda fulani. Kila mchoro ulihitaji kuchimbuliwa peke yake.

Nani, na kwa nini?

Baada ya swali la lini kupata jibu, maswali mengine yalifunguka upya. Mapema mwaka 2024 watafiti wawili, Helen Gittos na Thomas Morcom, walichapisha hoja katika jarida la Speculum. Kwa maoni yao, jitu ni Hercules kweli, lakini Hercules aliyechongwa na Waanglo-Saxon, ambao walimfahamu vizuri kupitia vitabu na sanaa. Mahali penyewe, kwenye kilima kinachoonekana kutoka mbali na karibu na njia kuu, pangefaa kuwa kituo cha kukusanyikia majeshi ya Wessex wakati wa mashambulizi ya Waviking. Wanaongeza kwamba katika karne ya 11 watawa wa Cerne walilipa jitu maana nyingine: walilisoma kama sura ya mtakatifu wao Eadwold, ambaye masalia yake walijivunia kuyahifadhi.

Hoja hiyo bado ni hoja, na wengine wataipinga. Hata hivyo, inatufundisha kutenganisha maswali. Wale waliosema Hercules walikosea tarehe, lakini huenda walimtambua mwenyewe. Wale wa karne ya 17 walisoma nyaraka kwa uangalifu mkubwa kuliko wote, na bado hitimisho lao likaanguka, kwa sababu ukimya wa mwaka 1617 ulikuwa na sababu mbili zinazowezekana nao wakachagua moja: kwamba jitu halikuwepo. Sababu ya pili, kwamba lilikuwepo lakini halionekani, haikupewa nafasi ya kutosha.

Funzo kwa wanafunzi wa Kiswahili

Sasa turudi nyumbani. Maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yaliyosalia na kujulikana tarehe zake ni ya mwanzoni mwa karne ya 18: barua zilizohifadhiwa Goa, za kuanzia mwaka 1711, na nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728. Mwanafunzi akiishia hapo, anaweza kuandika katika mtihani kwamba Kiswahili kilianza karne ya 18, au kwamba kabla ya hati ya Kiarabu hapakuwa na lugha. Huko ni kurudia hoja ya daftari la kanisa la Cerne. Mwaka 1711 ni mpaka wa upande mmoja tu. Unatuambia kwamba kufikia siku hiyo Kiswahili kilikuwepo na kiliandikwa. Hautuambii kilianza kusemwa lini.

Isimu linganishi ndiyo inayotuchimbia tabaka za chini. Ulinganisho wa sauti na msamiati, kama ulivyofanywa na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993, umeonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na kwamba kilitengana na ndugu zake karne nyingi kabla ya barua za Goa. Hata katika maandishi ya wageni kuna vidokezo: msafiri Al-Masudi, katika karne ya 10, alinukuu cheo cha watawala wa pwani ambacho wataalamu wengi hukisoma kuwa ni neno letu wafalme.

Lakini funzo lina upande wa pili, na tungekuwa tunapendelea tukiuacha. Waliotaka Jitu la Cerne liwe la kale mno walianguka pia, na Mtu Mrefu wa Wilmington alithibitika kuwa kijana kuliko watetezi wake walivyotaka. Upenzi wa ukale ni mtego sawasawa na ibada ya nyaraka. Mwanafunzi anayesema Kiswahili ni cha maelfu ya miaka kwa sababu tu jibu hilo linampendeza, amepiga kura ya ukumbini, hajachimba.

Hitimisho

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hawakusema kwamba lisilosemwa halipo. Tunawashauri walimu wanaofundisha somo la historia ya Kiswahili wautumie mfano wa Cerne Abbas darasani kabla ya kuingia katika nadharia za asili ya lugha. Wawagawe wanafunzi katika kambi mbili, wawape ushahidi uliokuwepo kabla ya mwaka 2020, wawaache wabishane, kisha wawasomee majibu ya maabara. Halafu kila mwanafunzi aulizwe maswali matatu kuhusu kila ushahidi anaoutumia: unathibitisha nini, hauthibitishi nini, na ukimya wake una sababu ngapi zinazowezekana. Atakayeweza kuyajibu maswali hayo kuhusu jitu la watu wengine atakuwa tayari kuyajibu kuhusu lugha yake mwenyewe.